Neti Tuliyochekechea Mchanga wa Kanisa

Ndugu zangu wa usharika huu, nitaongea nimeegemea benchi, na msinionee huruma. Mguu wa kulia bado mvivu, lakini mdomo wangu mnaujua, huo haukuugua hata kidogo. Naziona hapa nyuso za walioniombea. Naziona na za walionizika kwa maneno nikiwa bado napumua. Wote nawasalimu.

Mimi ni Mama Upendo, fundi wa lipu. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mume wangu. Nilianza kama saidia fundi wake, nikabeba ndoo za zege na mimba juu, mpaka siku aliponipa mwiko wake akaniambia, "Shika." Nyumba nyingi hapa juu ya Tengeru nimezipiga lipu mimi. Nilikuwa mtu wa afya. Huku kwetu baridi inakuamsha kabla ya jogoo, na mbu tulikuwa tunawasikia kwa watu wa chini. Neti kwangu ilikuwa kitu cha kufunikia vifaranga.

Basi mchungaji akatangaza kwamba kule Ziwa Victoria kuna kisiwa, mbali kabisa, wavuvi wanasali chini ya turubai na mvua ikinyesha ibada inavunjika. Walikuwa wanaomba mafundi wa kujitolea. Nikanyoosha mkono. Zakayo, mdogo wa marehemu mume wangu, akanifuata hapo nje.

"Shemeji, mjane kupanda jukwaa la ujenzi ugenini? Utatuletea aibu."

"Aibu ni kukaa na ufundi mikononi huku watu wananyeshewa," nikamjibu. Nikaenda.

Kiongozi wetu alikuwa Baba Anaeli, fundi mkuu. Mwenyeji wetu kisiwani alikuwa Mama Bahati, mke wa mwinjilisti, ndiye aliyetupikia, na ndiye aliyetugawia kila mmoja neti mpya siku tuliyofika. Tulifanya kazi jamani! Kuta zikasimama, paa likaezekwa, ikafika zamu yangu. Nikaanza na ukuta wa madhabahu. Sasa mchanga wa kule umejaa vikonokono na takataka, huwezi kupiga nao lipu laini, na chekeche letu la waya tulikuwa tumelisahau nyumbani. Nani alisema kwanza sikumbuki, ila hakuna aliyepinga: neti! Tukazikunja, tukazipigilia kwenye fremu ya mbao, mchanga ukashuka laini kama unga wa uji. Tukapongezana kwa akili zetu.

Mama Bahati akapita na ndoo kichwani. Akasimama.

"Hizo si neti nilizowapa? Na mnalalia nini?"

Baba Anaeli akacheka. "Mama, sisi watu wa mlimani. Mbu atatuuma mpaka achoke mwenyewe."

Mama Bahati akatikisa kichwa, akaenda zake. Na sisi tukaendelea kuchekecha.

Nilikuwa nimefika nusu ya ukuta, mchana, jua linawaka, ghafla baridi ikaniingia mgongoni. Meno yakaanza kugongana. Nikashuka jukwaani nimeshikilia mirunda kwa mikono miwili. Wenzangu wakafanya kile tunachofanya kwetu siku zote, maana kwetu mtu akitetemeka amepigwa na baridi. Wakanifunika blanketi, juu yake wakaweka turubai la kufunikia saruji, wakaninywesha chai ya tangawizi. Baridi gani kisiwani, kwenye jua la kupasua fuvu? Lakini ndicho tulichokuwa tunakijua. Nikaiva mle ndani kama ndizi zilizofukiwa. Nikatapika mpaka nyongo. Nilipojikokota chooni, mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Nikaona haya kuwaambia wanaume, nikarudi kulala kimya. Haya hizo zilikaribia kuniua zaidi ya huyo mbu.

Mama Bahati alipoleta chakula akanikuta hivyo. Alilivuta turubai akalitupa huko.

"Mnamuua huyu! Hii malaria!"

Akanikanda kwa maji, akapiga kelele boti ya injini itafutwe. Zahanati ya pale wakanipima, wakanichoma sindano, wakasema nivushwe haraka. Naambiwa kwenye boti nilimtukana Baba Anaeli matusi ambayo mzee wa watu hajawahi kuyasikia. Halafu nikashikwa na degedege. Kuanzia hapo sijui kitu.

Niliamka hospitalini Mwanza. Ulimi nimeung'ata umevimba, mpira wa mkojo uko ndani, mgongo una kidonda cha kulala. Binti yangu Upendo alikuwa ameinamia kitanda analia. Nilitaka kumfuta machozi, mkono wa kulia ukakataa. Mguu nao vilevile.

Daktari akaniambia, "Mama, malaria ilipanda kichwani. Nyie wa sehemu za baridi miili yenu haijaizoea, ikiwapata inawapiga vibaya."

"Na huu mkono?"

"Huenda ukarudi, huenda usirudi."

"Daktari, hiyo ya kutorudi baki nayo wewe." Akacheka, lakini mimi sikuwa natania. Bila mkono ule mimi ni nani?

Upendo akanipeleka kwake Sekei. Mtoto niliyemfunga nepi akanifunga nepi mimi. Siku ya kwanza nililia kwa uchungu. Alinilisha loshoro kwa kijiko, mahindi na mtindi vikanimwagikia kifuani, akapangusa, akanilisha tena. Mungu ambariki mwanangu.

Zakayo akaja kunijulia hali. Akakaa, akanywa chai, kisha akasafisha koo.

"Shemeji, sikio la kufa halisikii dawa. Tulikukataza. Kama Mungu angekuwa amekutuma, angekulinda. Sasa nipe ule mwiko wa marehemu kaka, kijana wangu ameanza ufundi. Chombo hakikai bure."

Mwiko ulikuwa chini ya mto wangu. Nikauchomoa kwa mkono wa kushoto, nikauweka kifuani.

"Zakayo, mimi niliumwa na mbu, sikulaaniwa na Mungu. Mwiko huu utatoka kwangu nikiwa nimefunikwa sanda. Kama huwezi kusubiri, njoo uuchukue."

Hakuja. Aliondoka na chai hajaimaliza.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa mpira niwe naubonyeza. Nikaubonyeza mpaka nikauchukia. Nikamwambia Upendo, "Niletee ndoo ya udongo." Nyuma ya choo chao kulikuwa na ukuta wa tofali tupu. Kila asubuhi nikishakunywa uji najikokota hapo, naufunga mwiko mkononi kwa kipande cha kanga, napiga lipu ya udongo. Inaniangukia miguuni. Nakwangua, napiga tena. Wapangaji wakasema mama amechanganyikiwa. Wacha waseme! Kidole gumba kikarudi, vingine vikafuata kwa uvivu wao. Siku udongo uliposhika ukutani usidondoke, nilipiga kigelegele peke yangu, kuku wa jirani wakatawanyika.

Baba Anaeli akanipigia simu. "Mama Upendo, watu wanasali ndani. Ila ukuta wa madhabahu nimeuacha palepale ulipoishia. Nikisema nimekosa fundi nitakuwa mwongo. Ule ni wako."

Daktari aliponiruhusu, nikarudi kisiwani. Safari hii chekeche la waya tulilibeba, na neti tulifunga juu ya vitanda. Mama Bahati alikuja kukagua kitanda kimoja kimoja. "Leo mnalalia nini?" akauliza, akacheka mpaka akakaa chini. Tukakumbatiana tukalia wote wawili.

Nikapanda jukwaani polepole, Baba Anaeli amenishika kiuno kwa kamba kama mbuzi. Nikapiga lipu mpaka juu. Alipoweka rula, nusu ya chini ilikuwa imenyooka. Nusu ya juu ilikuwa imevimba, ina tumbo.

"Nikunyooshee?" akaniuliza kwa upole.

"Asiguse mtu. Nimeupiga kwa mkono waliosema umekufa."

Lipo mpaka leo hilo tumbo, watu wanaimba mbele yake.

Namshukuru Mungu, namshukuru Upendo, namshukuru Mama Bahati aliyelitupa lile turubai. Na nyinyi watu wa mlimani, mkishuka chini laleni ndani ya neti. Ukitetemeka, usijifunike ukanywa tangawizi, nenda kapime. Mkojo ukibadilika rangi, sema, hata mbele ya wanaume. Mbu hajui kwenu ni wapi.

Zakayo, nakuona hapo nyuma, usiinamishe kichwa, shemeji, mimi sina kinyongo na wewe. Kisiwa cha jirani nao wanaanza kanisa lao, na kesho naondoka. Neti iko ndani ya begi, mwiko uko juu yake. Mlete kijana wako, nikamfundishe kazi. Ila mwiko aje na wa kwake.