Samaki Asiyekula

Fundi cherehani alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake, na hiyo moja ilimshinda mama mkwe wake: yule samaki wa njano asilishwe.

Tangi la kioo lilikaa sebuleni, upande wa kushoto wa cherehani, ili fundi akiinua macho kutoka kwenye pindo ayaone maji. Humo waliishi samaki kumi na mmoja wa kila aina, akiwemo kambare mwenye sharubu asiyejua kushiba. Huyo wa njano, jike, alikuwa wa jamii ya sato, ila mdogo, urefu wa kidole. Majike wa aina yake hawatagi wakajiendea zao. Hukusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo humo wiki tatu, hadi vifaranga waweze kuogelea. Na wiki tatu zote hizo hawali kitu.

Sasa mweleweshe mama mkwe.

"Hajala tangu Jumatatu," alisema bibi huyo siku ya tatu, kavuta kiti hadi kwenye kioo. "Tazama shavu lilivyovimba. Jino hilo."

"Samaki gani anaumwa jino, Mama? Ni mayai."

"Mayai. Mdomoni." Alimtazama mkwewe kuanzia juu mpaka chini. "Haya."

Fundi aliijua "haya" hiyo. Miaka sita ameishi nayo. Maana yake ni kwamba ukigeuza mgongo, bibi atafanya lile lile alilotaka kufanya.

Wala fundi hakuwa akimwonea bibi. Mara ya kwanza jike kutaga, kosa lilikuwa lake mwenyewe fundi: hakujua mambo haya, akamwacha jike ateme vifaranga katikati ya wenzake, na kambare akawamaliza mchana kweupe, yeye kasimama na mkasi mkononi. Mara ya pili mama mkwe aligonga kioo kwa kijiko, eti anambembeleza samaki ale. Jike akashtuka, akameza mayai yote. Hii ilikuwa mara ya tatu, na dume alikufa siku chache baada ya mayai kutagwa. Fundi aliuliza maduka yote mawili ya samaki wa kufuga, akaambiwa aina ile hailetwi tena. Hawa wakipotea, basi, ndiyo mwisho.

Alimpigia simu mumewe, dereva wa lori, huko njiani. "Sema na mama yako."

"Sikilizaneni," alijibu mume, akakata. Msaada mkubwa huo!

Basi siku zikaenda hivyo, fundi akishona roho juu. Mama mkwe alihamia pembeni mwa tangi na bakuli lake la mboga, akawa anamenya na kupiga soga na samaki. "Kula kidogo, mama. Usiwasikilize hawa." Jike naye, haya hana, alikuwa akija kwenye kona ile kila asubuhi kumsikiliza. Fundi aliuma meno na kuharibu mishono mitatu.

Siku ya kumi na saba ilimbidi apeleke sare shuleni. Alibakiza siku mbili tu amhamishie jike kwenye beseni, atemee huko kwa usalama. "Mama, nakuomba. Usimpe kitu. Kitu chochote."

"Haya."

Alikwenda mbio, akarudi mbio. Akakuta maji ya tangi meupe kama ya kuoshea mchele, na mama mkwe kashika kikombe na kijiko cha chai.

"Nimemsagia kiini cha yai," alisema kwa furaha. "Laini kabisa, kama cha mtoto."

"Kiasi gani?"

"Viini vitatu. Wako wengi humo, wangemdhulumu."

"Mama! Umewaua! Umewaua wote!" Hakuwahi kumpazia sauti mama mkwe, na siku hiyo hata hakujali. Samaki walikuwa wamepanda juu wakihema. Alichukua wavu, akamfuata jike. Jike akakimbilia nyuma ya jiwe, akatoka, akazunguka. Mashavu yakatetemeka, kifaranga mmoja akachoropoka mdomoni, na kambare akamdaka pale pale.

Fundi akauweka wavu chini, akaanza kulia.

"Sogea," alisema mama mkwe. Alimwaga maganda ya mboga mezani, akalizamisha bakuli kwenye kona ile ile anapokaa siku zote, akatulia. "Njoo, mama. Njoo, achana naye." Jike akaja. Akasimama juu ya bakuli kama alivyozoea kusimama pale, na bibi akalinyanyua polepole, samaki na maji yake.

Kwenye beseni la maji yaliyolala tangu jana, jike alizunguka mara moja. Kisha akafungua mdomo. Wakatoka wawili, wakatoka tena wanne, wakamiminika, vipande vya uzi vyenye macho. Fundi alimhamishia mama yao kwenye ndoo asije akawarudia, akahesabu mara mbili, akampigia mumewe.

"Ishirini na sita!"

"Acha bwana! Wote wazima?"

"Wazima wote!"

"Na mama yao?" aliuliza mama mkwe, kaiinamia ndoo.

"Mama yao kafanyaje?"

"Nakuuliza wewe. Watoto mmewahesabu, simu mmepigiana. Mama yao siku kumi na saba hajatia kitu mdomoni, nani kamuuliza kama ana njaa?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi huyo mumeo nilimzaa nyumba imejaa watu. Wote walikuja kumwona yeye. Nililala na njaa siku hiyo, na hakuna aliyejua."

Mume alikuwa bado anaita, "Haloo? Haloo?" Fundi akakata simu. Akalichukua kopo la chakula cha samaki kutoka juu ya kabati, akalifungua, akamwekea bibi mkononi, wala hakumwambia ampe kiasi gani.