Mnyororo Ulioruka Kwenye Mlima wa Musaga

Kwenye tambarare baiskeli yangu haikuwa na neno. Kutoka kwetu Buterere, kandokando ya mashamba ya mpunga, kuvuka mji mzima mpaka chini ya Musaga, ungeisifu. Lakini barabara ikianza kupanda tu, nikisimama juu ya pedali ili nisukume kwa uzito wangu wote, mnyororo unaruka. Pedali inaporomoka kama imekanyaga hewa, goti linagonga usukani, na uji wa mama, uliofungwa kwa kitenge kwenye karia ya nyuma, unamwagikia tairi. Hapo nashuka, natukana, nasukuma kwa miguu mpaka juu.

Mama alilazwa hospitali huko juu. Hospitali zetu zinakupa kitanda na dawa. Chakula ni cha nyumbani kwenu. Usipofika na sufuria, mgonjwa wako anabaki kutazama sufuria za wenzake. Wenzake wodini walikuwa watu wema, walimkaribisha, lakini mama yangu alilelewa zamani: ukimkaribisha anakushukuru na kusema ameshakula, hata kama tangu jana hajaona kitu. Na vidonge vyake vya asubuhi havikutakiwa kumezwa tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo nikichelewa mimi, dawa nayo ilichelewa. Hilo nililikumbuka kila nilipofika chini ya ule mlima.

Utasema si ungepanda basi. Basi gani, ndugu yangu? Esansi, mafuta ya magari, ilikuwa imepotea mjini, magari yamelala kwenye foleni, na watu wa Musaga wenyewe walikuwa wanashuka kwenda kazini kwa miguu kama mahujaji. Mwenye kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, alionekana tajiri. Mimi tajiri huyo nilikuwa nasukuma utajiri wangu mlimani huku natoka damu gotini.

Kwanza nilidhani mnyororo umelegea. Nikalegeza nati za gurudumu la nyuma, nikalivuta kwa nyuma mpaka mnyororo ukakaza, nikafunga. Kesho yake ukaruka palepale. Nikadhani kuna pingili imekauka. Nikaipindua baiskeli mbele ya nyumba, nikawa nazungusha pedali kinyumenyume, polepole, natazama pingili moja moja inavyopita. Kweli nikaikuta moja ngumu, haitaki kujikunja. Nikaidondoshea mafuta ya taa, nikaikunja huku na huku mpaka ikakubali, na nilimwambia mke wangu kwa majivuno kwamba mambo yamekwisha. Asubuhi mlimani nikaaibika peke yangu.

Nikaipeleka kwa fundi Buyenzi. Fundi akaipanda, akazunguka nayo mtaani, barabara tupu isiyo na kilima hata cha kuku, akarudi anacheka. Alinitania kwamba kinga ni nzima, mgonjwa ni mimi. Nilitaka kumrushia spana. Nilimwomba aijaribu mlimani, akasema ana wateja. Akanishauri ninunue mnyororo mpya, kwa sababu hapa kwetu kila ugonjwa wa baiskeli dawa yake ni mnyororo mpya.

Nikanunua. Yarabi, bora nisingenunua! Ule wa zamani ulikuwa unaruka mara mojamoja. Huu mpya, unaong'aa, uliruka kila nilipoukanyaga. Siku hiyo nilikaa ukingoni mwa barabara, sufuria mapajani, uji umebaki nusu, na watu wanapita. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu wa mtu anayejua kwamba kesho itakuwa hivihivi na keshokutwa pia. Nilifika wodini jua limeshapanda. Mama alikuwa ameketi anaangalia mlango. Akauliza kama kinga bado inanisumbua, nikasema njia ilikuwa nzuri. Uji ulikuwa umepoa na kuganda juu. Aliunywa wote akasema mtamu.

Jioni nikaipindua tena baiskeli, sasa bila akili wala mpango, kwa uchungu tu. Nikalishika gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja lisizunguke, na kwa mkono mwingine nikaikandamiza pedali kwa nguvu zote, kama niko mlimani. Nikauona. Mnyororo ulipanda juu ya meno ya kile kigurudumu kidogo cha nyuma, ukateleza, ukaangukia jino la mbele. Nikautoa, nikafuta grisi kwa kitambaa. Meno yalikuwa yamelika, yote yamelala upande mmoja, yamechongoka. Maji ya Buterere yanaingia mpaka sebuleni mvua ikinyesha, na yana mchanga. Miaka yote mchanga ule ulikuwa unasaga. Meno na mnyororo wa zamani vilikuwa vimezeeka pamoja, vikazoeana. Nilipoleta mnyororo mpya, haukupata pa kushika.

Asubuhi yake, nilipotoka kwa mama, nilibadilisha kile kigurudumu. Kesho yake tena nikaondoka na giza, uji umetoka jikoni sasa hivi. Chini ya Musaga nilisimama juu ya pedali huku nimefumba macho nusu, nangoja goti liumie. Halikuumia. Nikakanyaga tena. Mnyororo ulishika, ukavuta, nami nikapanda mlima wote bila kushuka, nawapita watu, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Ndivyo nilivyofika mapema kuliko siku zote, nikamkuta daktari kitandani kwa mama. Sikuwahi kumwona. Kila siku alikuwa ameshapita na kwenda majengo mengine kabla sijamaliza kusukuma. Akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia mtoto wake. Akasema alikuwa ananitafuta tangu wiki iliyopita. Akanitoa mpaka ukumbini, akaniambia kwa upole kwamba dawa zimeshindwa, hakuna tena cha kufanya pale, nimpeleke mama nyumbani akae na watu wake kwa muda uliobaki. Akashangaa kwamba sijui. Mama alikuwa ameambiwa yote, na alikuwa ameahidi kunieleza.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameugeukia ukuta. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamuuliza kwa nini alinificha.

Akageuka na kunishika goti, palipokuwa na kidonda.

"Ulikuwa unaingia hapa jasho linatoka, damu inatoka," akasema. "Mi nikuongezee na hiyo, mutoto wangu? Niliona wacha kinga ipone kwanza."

Nililia mbele ya wodi nzima, mtu mzima mimi, na sikujali. Akaningoja nimalize. Kisha nikafungua kitenge, nikafunua sufuria, na mvuke ukapanda, maana uji ulikuwa bado wa moto. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi siku ile nilimuuliza kama anataka, akasema nimpe kidogo.