Daktari Mariam na Kisima cha Chumvi

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha ndipo nikaifikiri. Sogea hapa nikuhadithie. Tende hizo endelea kula, maana masikio hayazuiwi na kutafuna.

Ilikuwa katika miaka ya sabini, mwishoni mwishoni. Siye tulikuwa tumeshatoka Unguja, tumehamia Ibra, huku Omani, kwa jamaa wa marehemu babu. Nyumbani tukisema Kiswahili, sokoni tukisema Kiarabu, na Kiarabu changu mie kilikuwa kile cha Unguja. Nikifungua mdomo tu, wauza mboga hutabasamu. Mwaka ule nilikuwa nimefanya mtihani wa kwenda kusoma nje, nikaanguka. Hesabu nilizijua, lakini nilizisoma kwa Kiingereza, na karatasi ilikuja kwa Kiarabu. Nusu ya maswali sikujua hata yananiuliza nini. Nikaapa sirudii. Nikakaa ndani, kazi yangu kupika na kununa.

Ndipo ami yangu Khalfan, mdogo wake baba, aliponiletea kazi. Ami Khalfan alikuwa dereva wa Landrova ya watu waliokuwa wakitafuta maji katika vijiji vya Sharqiya.

"Kuna daktari mwanamke kaja," akasema. "Si daktari wa sindano. Huyu ni daktari wa mawe na maji. Kiarabu hajui, anataka msichana wa kumfasiria. Na baba yako kasema, madhali gari naendesha mie, ruhusa."

Mie nilitarajia mzungu. Kumbe aliyeshuka garini ni mwanamke wa rangi kama yangu, mtandio kichwani, buti zimejaa vumbi. Akanitazama, akanipa mkono, akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo, dada!"

Miye kijana, naamkiwa shikamoo na daktari mtu mzima! Ami Khalfan akageuka upande wa pili kuficha kicheko, mabega yakatoboa siri.

Daktari Mariam alikuwa mtu wa Afrika Kusini, Mwislamu wa Cape Town, na Kiswahili alikiokota Dar es Salaam alikofundisha miaka kadhaa. Kiswahili chake kilikuwa na mapenzi kuliko sarufi. Bibi yangu alimpenda tangu siku ya mwanzo alipokuja kwetu, lakini hakumwachia kosa hata moja. Daktari akisema, "Maji hii iko mzuri," bibi humjibu, "Maji haya, mwanangu. Maji haya ni mazuri. Ukitaka yatoke ardhini, kwanza yaite vizuri." Na Daktari hurudia sawasawa, ametulia kama mtoto wa chuoni mbele ya msahafu. Nakwambia, mtu mwenye shahada tatu, anasahihishwa na kikongwe asiyejua kushika kalamu, naye anasema ahsante.

Njiani ndiko nilikoyajua maisha yake, kwa sababu njia zetu zilikuwa ndefu na Ami Khalfan hakupenda ukimya. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi. Mtaa wao ulikuwa chini ya mlima, na mlimani mlitoka chemchemi isiyokauka hata kiangazi. Yeye mtoto mdogo akimuuliza kila mtu, maji haya yanatoka wapi? Walimu wakamwambia ni ya Mungu. Akasema, najua ni ya Mungu, lakini yanapita wapi?

Swali hilo ndilo lililompeleka chuo kikuu, na huko, mwanangu, alikwenda kwa kibali cha serikali, kwa sababu sheria za kwao wakati ule zilimtenga mtu kwa rangi yake. Siku wanafunzi wenzake walipopelekwa shamba kutazama majabali, yeye aliambiwa abaki, pale watakapolala hawapokei watu wa rangi yake. Akabaki. Juma lililofuata akamganda kaka yake mpaka akakubali kumsindikiza, wakachukua basi, wakaenda kwenye majabali yaleyale, akayatazama bila ya mwalimu, akayachora yote.

"Hukukasirika?" nikamuuliza.

"Nilikasirika sana," akasema. "Lakini mawe hayakuwa yamenikosea kitu."

Alipomaliza kwa daraja la juu, alikwenda kuomba kazi ya utafiti, akaambiwa nafasi iliyopo ni ya kuosha chupa. Akafundisha skuli. Baadaye akapata ufadhili wa Uingereza, na serikali ya kwao ikampa karatasi ya kutoka bila ya kurudi. Akamuaga mama yake huku anajua maana yake. Huko akapata udaktari, kisha Dar es Salaam, kisha Omani. Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kulikuwa na kijiji ukingoni mwa jangwa la mchanga, si mbali na mji wa Mintirib. Watu wake waliishi kwa falaji, ule mfereji wa chini ya ardhi uliochimbwa na wahenga, na mvua zilikuwa zimekataa mpaka falaji likawa linatoa maji membamba kama kamba. Mitende ilianza kukauka vilele. Baadhi ya nyumba zilikuwa zimeshafungwa, wenyewe wamehamia Maskati. Sheikh wa kijiji, Sheikh Hamed, mzee mwenye ndevu nyeupe na maneno machache, alituambia, "Kisima kikipatikana, tutabaki. Kisipopatikana, msikiti huu utaadhiniwa na upepo."

Daktari Mariam alifanya kazi yake. Alikuwa akichomeka vijiti vya chuma ardhini, anapitisha umeme kidogo, anasoma ardhi inaupokeaje. Akafika mahali karibu na mashamba, akasimama, akasema, "Hapa." Mashine ya kuchimba ikaletwa pamoja na bwana mmoja wa ofisi ya maji kuisimamia, kwa sababu ilikuwa na vijiji vingi vinaingoja.

Siku maji yalipotoka, wallahi, ungekuwepo! Yaliruka juu kama yaliyofungiwa. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakamshukuru Mungu, watoto wakaingia chini ya maji na nguo zao. Ami Khalfan, ambaye hapendi kupitwa na jambo, akakinga kikombe, akasema bismillahi, akabugia.

Uso wake ukajikunja kama ndimu iliyokamuliwa. Akatema.

"Chumvi!" akasema.

Sheikh Hamed akaonja naye. Hakutema. Alimeza polepole, kwa adabu, akaweka kikombe chini. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa amebeba mtungi wake, anaugeuza kichwa chini ingawa haukuwa na kitu.

Bwana wa ofisi akamsogelea Daktari, akamnong'oneza kwa Kiingereza, nami niko hapo nasikia. "Tuwaambie mashine imeharibika. Tutaondoka kwa heshima, kijiji kingine kinatungoja."

Daktari Mariam akampa mgongo. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Salma, fasiri neno kwa neno. Usipambe kitu."

Watu walikuwa wameshakusanyika, wamekaa juu ya majamvi kwenye kivuli cha mitende. Akasimama mbele yao, na mie pembeni yake.

"Mashine ni nzima," akasema. "Aliyekosea ni mimi. Umeme unapita upesi kwenye udongo wa mfinyanzi, na unapita upesi vilevile kwenye maji ya chumvi. Mimi nilisoma chumvi, nikaiita udongo wenye maji matamu. Nimekupeni furaha ya uongo, na naomba radhi."

Nikafasiri. Kiarabu changu siku ile hakuna aliyekicheka. Vijana wawili nyuma walianza kuguna, mmoja akasema kwa sauti, "Na huyu ndiye tuliyeambiwa mtaalamu!"

Sheikh Hamed akageuza kichwa, akawatazama. "Kijana," akasema, "babu zetu walipochimba falaji hili, walichimba mahali pengi pakavu kabla ya kuyapata maji. Mashimo yao yapo mpaka leo, mbuzi wetu wanaangukia humo. Hakuna aliyewaita wajinga. Na huyu bibi angeweza kupanda gari lake akaenda zake, sisi tukalaumu chuma. Mwenye kukwambia kosa lake kabla hujaligundua, huyo mshike, usimwachie."

Kisha akamgeukia bwana wa ofisi. Akamwambia hiyo mashine haiondoki, kijiji kitawalisha wachimbaji na kuwalaza, na kama yuko wa kulaumiwa kwa kuchelewa, alaumiwe yeye Hamed. Bwana yule alitazama mashine, akamtazama Daktari, akayatazama majamvi yaliyojaa watu. Akakubali. Nadhani hata yeye alipumua.

Tukarudi Ibra alasiri ile. Garini nikamuuliza Daktari, kwa nini hakuchukua njia nyepesi aliyopewa?

"Kwetu walikuwako watu wa vitabu," akasema, "maprofesa wenye majoho, walioandika kwamba watu wa rangi yangu wamezaliwa na akili ndogo. Wengine wao walishajua kwamba si kweli. Lakini hawakusema, wakiona haya kujirudi. Na juu ya maandishi yao tukafukuzwa majumbani mwetu. Kosa la mtu msomi, Salma, lina miguu mirefu. Basi mimi nilijiwekea ahadi: siku nikijua nimekosea, siku hiyohiyo nitasema."

Tulipomshusha Daktari, Ami Khalfan akanigeukia mie.

"Salma mwanangu," akasema, "nikwambie neno lisikuudhi. Huyu mama kaanguka mbele ya kijiji kizima, na kaniambia kesho asubuhi nimpitie mapema akaendelee na kazi. Wewe umeanguka mbele ya karatasi, umejifungia jikoni kama mwari. Nani kati yenu mwenye haki zaidi ya kununa?"

Nikamwambia, "Ami, gari inakwenda mrama," akasema, "Gari iko sawa, ni maneno yamekuingia."

Siku zilizofuata tulizunguka kijiji kizima na viunga vyake. Daktari hakutegemea umeme peke yake tena. Alitaka kuonja maji ya kila kisima cha zamani, hata yaliyobaki matope, apate kujua chumvi imefika wapi na imeishia wapi. Binti zake Sheikh Hamed wakatutembeza kila pahala, na siye tunaonja, tunatema, tunacheka, hiki kichungu, hiki afadhali, hiki kinafaa kupikia papa tu. Alama zikawekwa kwenye ramani, na zilipokamilika zikaonesha wazi: chumvi ilikuwa inatokea upande wa mchanga, na utamu ulikuwa ukiteremka kutoka mlimani kwa njia ya wadi, lile bonde la mto mkavu. Daktari akapanda juu, kwenye mdomo wa wadi penye changarawe, mahali ambapo mwanzo alipaacha kwa sababu palikuwa mbali na mashamba. Akapapima tena na tena. Halafu akasema, "Nadhani ni hapa." Safari hii alisema *nadhani*, na bibi yangu nilipomhadithia alisema hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyojifunza katika Kiswahili.

Mashine ikachimba. Maji yalipotoka hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wote wakamtazama Ami Khalfan.

"Mie leo nimefunga," akasema, na mkononi ana kikombe cha kahawa.

Watu wakaangua kicheko. Akatoka mama yake Sheikh Hamed, bibi kizee anayetembea kwa mkongojo, akakinga kiganja chake, akanywa. Akakinga tena. Akanywa. Akafumba macho, na sote tumezuia pumzi. Kisha akamwambia mwanawe, "Hamed, wapelekee habari walio Maskati. Waambie waje wafungue nyumba zao."

Hivyo vigelegele, mwanangu, sijavisikia tena mfano wake, hata kwenye harusi yangu.

Mimi nikarudi kwenye vitabu. Nikajifunza hesabu upya kwa Kiarabu, nikiuliza istilahi kwa kila aliyetaka kunisikiliza na kwa wengi wasiotaka. Nikafanya mtihani tena, nikapita, nikaenda kusoma, na niliporudi nikafundisha kemia Nizwa mpaka nywele zikawa hivi unavyoziona. Daktari Mariam alikaa Omani miaka kadhaa. Mama yake alifariki naye yuko huku, hakuweza kwenda kumzika, na siku zile bibi yangu ndiye aliyekaa naye matanga. Sheria za kwao zilipofutwa, alirudi, akafundisha chuo kikuu kilekile kilichompokea kwa kibali, na wanafunzi wake aliwapeleka kwenye majabali wote pamoja, hakubaki mtu.

Basi, mwanangu, neno langu kwako ni hili. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini hawakusema hayo kwa mtu aliyepotea akakaa chini. Ukikosea, sema, na useme mapema kabla kosa halijapata watoto. Usitafute mashine ya kulaumu. Kisha nyanyuka urudi kazini, maana kuungama bila ya kurekebisha ni nusu ya uungwana. Na ukimwona mwenzio amekosea akakiri, usiwe wewe wa kuguna nyuma. Mpishe apate nafasi ya pili, huenda maji yako wewe yako mkononi mwake. Elimu haimtaki asiyekosea, mtu huyo hajazaliwa. Inamtaka anayeupenda ukweli kuliko anavyolipenda jina lake.

Mungu akufungulie kifua chako, akupe elimu yenye manufaa na watu wa kukusahihisha kwa upendo. Asikunyime ujasiri wa kusema sijui, wala subira ya kwenda kujua. Popote utakapokwenda, watu wafurahi kwamba ulipita kwao. Amin, mwanangu, amin.