Mbodze na Watoto wa Kambi ya Garsen

Saa moja asubuhi, jua limeshaanza kuchoma maturubai, na Mbodze Mwaringa anapita hema kwa hema, miguu imemvimba, kalamu mkononi. Kila mtoto ni mstari mmoja wa wima. Wa tano anaulaza juu ya ile minne, kama komeo la zizi, kisha anaanza fungu jipya. Ni kwa mistari hiyo unga wa msaada unagawanywa.

"Nimechoka, ndugu yangu. Wala si miguu tu," anasema.

Mbodze, mkulima Mgiriama, aliletwa kwenye kambi hii nje ya Garsen na mafuriko ya mwishoni mwa 1997. Maji yalimfagilia mahindi yote. Kazi hii humpa shilingi mia moja kwa siku.

Kwao, anasema, nazi zilihesabiwa mbili mbili, moja kila mkono. Lakini wafugaji wa Kiorma anaowakuta hapa hawapendi mtoto ahesabiwe. Wanaogopa kumwitia balaa. Ukiwauliza wana wangapi, hukujibu, "Mungu anajua." Basi huwaomba wataje majina tu, naye anachora.

Ndivyo alivyofanya kwa Bishara, mama wa Kiorma. Bishara alitaja Jatani, Halake, Muna, Abdikarim, Amina. Watano. Siku ya mgao wakajitokeza wanne, na msimamizi akamfokea Mbodze mbele ya foleni kwamba anawaongezea rafiki zake.

Mbodze alirudi hemani kwa Bishara roho juu. "Mama Jatani, Amina yuko wapi?"

Bishara alinyoosha kidole upande wa mto. "Maji ilichukua. Lakini mimi naita watoto yangu yote. Huyu moja nawacha namna gani?"

Mbodze alikaa chini, wakalia pamoja. Kisha akachukua karatasi nyingine, akachora mistari minne iliyosimama. Unga wa Bishara ukapungua.

"Niliona kama ni mimi niliyemtosa yule mtoto mtoni," anasema.

Siku hizi, majina yakishatajwa, inambidi aulize ni nani waliolala hemani jana.

Ameomba ahamishiwe jikoni, akakoroge uji. Bado hajajibiwa.

"Kule mtoto akija na kikombe, unamtilia," anasema. "Humuulizi kwao wamebaki wangapi."