Mwamba Ndani ya Kompyuta ya Duka

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, Babati ilinuka rangi na saruji mbichi. Kila mara kulikuwa na ofisi nyingine inayofunguliwa, na watu wa ofisi walitaka barua zao zichapwe. Mimi nilikuwa nimetoka Mererani, nilikokuwa nikishuka mashimoni bila kupata jiwe la maana, na kabla ya Mererani kulikuwa na miji mingine ambayo siwezi tena kuipanga vizuri kichwani. Shule niliiacha darasa la sita. Babati nilikuwa napita tu, ila mama mmoja mwenye duka la steshenari alitafuta mtu wa kuendesha jenereta na mashine ya fotokopi, nami nilikuwa na hamu ya kujua fotokopi inafanyaje kazi. Nikabaki.

Mama huyo alikuwa mjane, Mwislamu wa kutoka Kondoa, mpole asiyekosa neno. Alikuwa amenunua kompyuta mpya kuliko zote mtaani, akiwategemea wateja wa mkoa. Kompyuta hiyo ndiyo aliyoifuata binti mmoja wa Bagara, hapohapo mjini, aliyekuwa akisoma shahada ya pili Dar es Salaam. Mama yake mzazi alikuwa amevunjika mguu, naye alirudi kumuuguza. Kazi ya chuo aliibeba kwenye sidii.

"Shikamoo, Mama," alisema siku ya kwanza. "Naomba kukodi ile kompyuta ya pembeni, mchana na usiku. Sitachapa kitu. Itakuwa inafikiri."

"Marahaba. Inafikiri nini?"

"Mafuta."

"Ya kula?"

"Ya chini ya ardhi."

Mama alinigeukia. "Unamsikia mwenzako? Nchi haina hata kisima kimoja cha mafuta, yeye anakuja kuyachimba kwenye duka langu." Lakini alimvutia kiti.

Binti alinieleza taratibu, kwa kuwa sikumwacha apumue kwa maswali. Kisima cha mafuta kikizeeka hakijakauka. Mafuta mengi yanabaki yamenasa kwenye vitundu vya mwamba, vidogo kuliko tundu la sindano. Maji yakisukumwa chini yanapita kando na kuyaacha. Basi kuna wanaopeleka vijidudu huko, pamoja na molasi, ileile wanayopewa ng'ombe. Vijidudu vinakula, vinazaana, vinatoa gesi na kitu chenye tabia ya sabuni, na mafuta yanaanza kuuachia mwamba. Kwa kuwa hakuna awezaye kuingia ndani ya jiwe kutazama, yeye alikuwa ameandika hesabu zinazojifanya mwamba, nyingine zinazojifanya maji, nyingine zinazojifanya vijidudu. Kompyuta ilizisogeza hatua kwa hatua, na miaka ya huko chini ikapita dukani kwetu wakati sisi tunakunywa chai.

"Mwamba wenyewe uko wapi?" nilimuuliza.

"Nchi ya mbali. Nimepewa vipimo vyake tu. Sijawahi kufika."

Kwenye kioo ulikuwa uwanja wa miraba midogo. Nyekundu ilikuwa mafuta, bluu maji, na kijani vijidudu. Ukitazama kwa haraka huoni kitu. Ukikaa, kama nilivyokaa mimi mchana fotokopi ikiwa kimya, unaona kijani kinasogea kama ukungu unavyoshuka mlima Kwaraa asubuhi, bila wewe kujua umeshuka saa ngapi. Mererani nilikuwa nimegonga mwamba kwa nyundo nikidhani ni kitu kilichokufa. Sasa nilitembea jioni kuelekea Singe, kati ya mahindi na nyumba mpya, nikihisi ardhi chini ya ndala zangu ni laini, imejaa vyumba, na ndani ya kila chumba kuna kitu kinachokula polepole gizani.

Tatizo la binti lilikuwa uroho wa vijidudu vyake. Vilikula molasi yote palepale mlangoni pa kisima, vikazaana hapohapo, vikaziba njia. Mwalimu aliyemsimamia alikuwa amechoka kusubiri. Jumatatu alitakiwa kufika chuoni na matokeo yanayoonyesha mafuta yakifika kisima cha pili, cha kuyatolea, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Mara hii alikuwa amebadilisha mambo. Alipeleka vijidudu vikiwa na njaa, vimesinyaa, ili vipenye mbali kabla ya kunenepa. Halafu angevilisha kidogokidogo na kukifunga kisima, asubiri. Hesabu hiyo ilikuwa nzito. Ilianza katikati ya juma na ilitakiwa kumalizika Jumamosi, na basi la Dar lilikuwa Jumapili alfajiri.

Ijumaa mchana mimi nilipeleka nakala ofisi ya mkoa, na binti alikwenda kumlisha mama yake. Tuliporudi, duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya swala, na mama alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Kompyuta ya pembeni ilikuwa imevaa. Juu ya kioo palikuwa na kitambaa cha kufuma chenye maua, na kasha lake lilivishwa gauni la kitambaa kizito lenye bitana, limefungwa kwa utepe kwa nyuma.

Binti aliweka kiganja juu ya kasha. Kioo kilikuwa cheusi.

"Ina homa," alisema. "Mama, nani ameifunika?"

"Mimi. Niliishonea gauni kwa mkono wangu jana. Mashine inakesha inafanya kazi, vumbi lote hili la barabarani, iwe uchi?"

"Inapumua kwa huku nyuma."

"Mbona redio yangu miaka yote haipumui?"

Binti alifungua utepe polepole, akalikunja gauni vizuri, akalirudisha mikononi mwa mama kama mtu anayerudisha nguo ya mtoto wa watu. Kisha alikaa akiangalia barabara. Yale yaliyokokotolewa yalikuwa yamepotea, na kuyarudia yote kungemkosesha basi.

"Nitakuza miraba," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwamba uleule, ila kama umechorwa kwa kalamu nene. Itakuwa nyepesi, inaweza kuwahi. Sijui kama vijidudu vitapenya."

Jumamosi asubuhi mama alikuja na kigoda, akachana boksi la karatasi, akakaa nyuma ya kompyuta na kuanza kuipepea. Mteja aliingia kutaka bahasha, akaambiwa ajichukulie mwenyewe rafuni.

"Mama, unapepea jiko?" mteja aliuliza.

"Namuuguza mgonjwa. Chukua bahasha uende."

Mkono wake ulipochoka alinipa mimi boksi, nami nilipochoka nikampa binti. Hewa ya uvuguvugu ilitupuliza magotini. Kijani kilipita mlango wa kisima, kikatawanyika, kikatulia muda mrefu mpaka nikadhani kimekufa. Halafu ukingo wa nyekundu ukajikunja. Mraba mmoja ulihama, wa pili ukaufuata, nasi tukasogea karibu na kioo. Jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya ziwa la Babati wakati nyekundu ilipogusa kisima cha pili.

"Ndiyo yenyewe hiyo?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbona kidogo hivyo?"

"Kidogo hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, Mama." Akajifuta uso kwa ukosi wa blauzi.

Binti alipiga simu ya duka Jumanne. Mama aliongea naye kwanza, akaitikia, akamshukuru Mungu, kisha akanisukumia simu. Chuoni walikuwa wamekubali matokeo yake, binti aliniambia. Nilimuuliza kama mafuta yote yalitoka mwishoni. Akasema hapana, mengi bado yamebaki kwenye mwamba, na hajui kwa nini. Nikamwambia na mimi ningependa kujua. Akasema ndiyo sababu wamempa mwaka mwingine.