Maharage Yaliyonyimwa Usingizi

Mume wangu ana aibu za ajabu. Shati lake likikosa vifungo, kwake sawa tu. Lakini mmea ulegeze majani mbele yake, utadhani kavuliwa suruali sokoni. Miaka thelathini ametunza bustani za watu, na kwake jani lililolegea lina maana moja: mtunzaji mvivu.

Mwaka huu akahamishiwa banda la vioo la chuo, chini ya Daktari, mama mmoja mpole anayechunguza mienendo ya mimea. Pale kuna mashine ya leza inayomulika vyungu vya maharage kila nusu saa, usiku na mchana, na kuandika kila jani limepanda au limeshuka kiasi gani. Mume wangu kazi yake kumwagilia na kufagia. Hakuna aliyemwambia kwamba maharage hulala, kwamba jioni majani hujishukia yenyewe na asubuhi huinuka. Kuuliza si ujinga, lakini nenda kamwambie yeye.

Jioni ya kwanza akaona mstari wote wa mbele umelegea. Akamwagilia. Ukalegea vilevile. Kesho yake ukapotea uzi wangu wa kijani. Mimi fundi cherehani, nina sare za shule za kumaliza, nikautafuta hadi nikamsingizia jirani.

Wiki tatu baadaye akarudi kutoka kazini, sahani akaisogeza kando. Nikamuuliza kulikoni.

"Daktari kagundua maharage yasiyolala," akasema. "Mstari wa mbele. Ijumaa anasoma ripoti mbele ya wakubwa wa vyuo."

"Si jambo zuri hilo?"

"Mama watoto, nimeyafunga mimi. Kila jani, kwenye vijiti, kwa uzi wako."

Sikujua nicheke au nimzabe kofi.

"Nikisema, kazi sina," akaendelea. "Nisiposema, mama wa watu anaaibika."

Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, na asubuhi nikaongozana naye, maana namjua, angeishia getini.

Alikiri huku akiisokota kofia yake. Daktari aliinama, akaukuta uzi, kisha akaenda kwenye kompyuta na kuukuza mchoro wa mstari ule. Nikajua anaandika barua ya kumfukuza.

"Njooni muone," akasema. "Jani limekaa palepale, lakini kila jioni, saa kumi na mbili na robo, linauvuta uzi. Kidogo sana, kama unene wa ukucha. Alfajiri linaacha. Nilidhani ni kosa la mashine, kumbe siku ishirini na moja linajaribu kulala. Ripoti nitaiandika upya. Na wewe, mzee, kazi unayo, ila siku nyingine uniulize kwanza."

Mume wangu habari ya kazi hakuisikia. Alishapiga magoti kwenye mstari wa mbele, anafungua uzi jani kwa jani, na kila chungu anakiambia, "Nisamehe, mwanangu, sikujua kama umechoka." Na machozi yanamtoka kweli. Vyungu arobaini, msamaha arobaini.

Mimi niliyemzalia watoto watano, ninayeamshwa alfajiri mwaka wa ishirini na sita huu nimtafutie soksi, sijaombwa hata nusu ya msamaha. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na chungu cha mwisho, nikasubiri zamu yangu.