Meneja Hachomi Nyama

Mambo yote yale yalinigharimu fulana moja ya bluu yenye kola, neno moja la kushonwa kifuani, na mchoma nyama ambaye mtaa mzima wa Kwa Mrombo ulimjua kwa mkono wake. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilisahau fulana.

Mchomaji huyo wa banda langu la nyama alikuwa ameanza kulalamika kwamba mshahara hautoshi. Mimi kwenye kuongeza mshahara ni mgumu, sifichi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, pesa utaila itaisha. Nakupa cheo." Fundi cherehani akashona MENEJA kwa uzi mwekundu. Jamaa akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha bodaboda, habari ya mshahara ikafa palepale.

Nilichosahau ni kwamba kifua cha mtu kinasomwa na kila anayepita. Ng'ambo ya barabara kuna jirani mwenye baa kubwa, wote tunamwita mangi. Naye akasoma. Jumatatu moja nikafika nikakuta jiko langu limepoa. Jamaa yuko kwa mangi, anapepea makaa, kavaa fulana yangu.

Nikavuka. "Ndiyo umenikimbia?"

"Hapana, bosi. Kwako nilikuwa meneja wa jiko moja. Hapa ninayo matatu."

"Na fulana?"

"Si ulinipa?"

Mangi akacheka kule kaunta. "Jirani, usinune. Njoo Jumamosi ule mbuzi, nitakupunguzia."

Kupunguziwa bei! Mimi!

Jumamosi wateja wangu wa Njiro walipaki upande wangu kama kawaida, wakanipungia mkono, wakavuka. Nilichoma mwenyewe, nikaunguza ubavu mzima. Wikiendi nyingine kama ile na ningeuza viti.

Sikwenda kwa mganga. Sikumsema vibaya kwa mtu. Nilichofanya ni kumheshimu.

Niliwaita madereva wa bodaboda wa kijiweni kwangu, wanaume wenye ndevu zao, nikawaambia waende kula kwa mangi, nalipa mimi. Kazi yao ilikuwa salamu tu.

"Shikamoo, meneja!"

Jamaa hajafika hata miaka thelathini. Nilimwona kutoka ng'ambo akinyoosha kola. "Marahaba."

"Kumbe wewe mwenyewe ndiye unageuza nyama? Meneja mzima, moshi machoni?"

"Aa, nawaelekeza tu hawa vijana."

"Tulishangaa! Mameneja wa Njiro wanakaa kwenye kiti, wanaletewa chai."

Siku hiyo akaweka koleo chini. Baadaye akadai kiti. Nikawatuma tena, akadai meza. Mbuzi wa mangi, kwa kuachiwa hao vijana, akawa mkaa nje na damu ndani, na mimi sijawahi kufurahia harufu ya kuungua kama ile.

Kuna mama mmoja wa Nkoaranga ambaye ndiye aliyekuwa akichoma pale kwa mangi kabla meneja hajaja, wakamhamishia kwenye kuosha sahani. Nikamfuata. Mshahara nilimwongezea, noti nilizihesabu mara tatu kabla ya kuziachia, lakini nilimwongezea. Cheo hakuuliza, nami sikumkumbusha. Nilimpa aproni nyeupe, kifuani tupu kabisa. Jumamosi iliyofuata magari ya Njiro yalipaki upande wangu na wenyewe wakabaki upande wangu. Niliwahesabu wakiingia, nikawahesabu tena wakiwa wamekaa.

Jana mangi kavuka na soda mbili, moja yangu. Akakaa bila kukaribishwa.

"Jirani, nimekwama. Namwambia shika koleo, ananijibu meneja hachomi nyama. Nikimwambia basi avue hiyo fulana, anasema nimemdhalilisha mbele ya watu wanaompa shikamoo. Sijui hata hao watu wanatoka wapi."

"Watu wa heshima," nikasema.

"Wewe umekaa naye miaka. Nishauri, nimfanyeje?"

Nikamaliza kwanza soda aliyoniletea.

"Ushauri upo, mangi. Ila kabla sijafungua mdomo, nirudishie fulana yangu. Itakuwa bado mpya, maana siku hizi moshi haiuoni."